Bluberi Fupi ya Mwituni: Kuipanda Nyumbani Maine, na Viumbe Wanaoitegemea

Kosa langu la kwanza lilikuwa samadi. Nilinunua miche sita ya bluberi ya mwituni, nikachimba mashimo, nikayajaza mboji na samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, kama bibi yangu alivyonifundisha kule Muheza kwa michungwa. Juu yake nikanyunyiza majivu. Kufikia Julai majani yalikuwa ya njano, mishipa peke yake ndiyo imebaki na kijani. Kufikia Septemba ulikuwa umebaki mche mmoja.

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya Waswahili wenzangu tulioko Lewiston, Portland na miji mingine ya kaskazini mashariki mwa Marekani: wa Kongo, Burundi, Rwanda, Tanzania, Kenya, na ndugu zetu waliopitia Dadaab na Kakuma. Wengi wetu tumekuja na mikono ya kilimo. Mikono hiyo inajua mchicha, mahindi na maboga, na inafanya vizuri sana kwenye bustani za hapa. Ila bluberi fupi ni mmea wa ardhi maskini. Ukiushibisha, unakufa.

Uufahamu mmea wenyewe kwanza

Bluberi kubwa za dukani hutoka kwenye kichaka kirefu kumzidi mtu, kilichoanza kufugwa New Jersey mwanzoni mwa karne ya 20. Hii tunayoizungumzia ni nduguye mdogo, *Vaccinium angustifolium*, ambaye kwa kawaida havuki goti. Tunda lake ni dogo kama punje ya pilipili manga iliyovimba, rangi ya samawati yenye ukungu mweupe juu, na utamu wake umekolea. Watoto wakila, ulimi unabaki zambarau kama wa mtoto aliyeshinda juu ya mzambarau.

Hakuna aliyeuleta mmea huu hapa. Barafu kubwa ya zama za kale ilipoyeyuka, iliacha nyuma mchanga, changarawe na mawe, na bluberi ikajitandaza humo. Huko Washington County, upande wa mashariki wa Maine, tambarare nzima hugeuka nyekundu kama moto kila Oktoba kwa majani yake. Mataifa ya Wabanaki, ambao ni Wapassamaquoddy, Wapenobscot, Wamaliseet na Wami'kmaq, waliitunza kwa kuichoma moto muda mrefu kabla Mzungu hajafika, na Wapassamaquoddy hadi leo wana mashamba yao makubwa huko. Mwaka 1991 Maine iliitangaza bluberi ya mwituni kuwa tunda rasmi la jimbo.

Chini ya ardhi, mmea hutambaa kwa mashina, mfano wa ukoka au tangawizi. Kitu unachokiona kama vichaka ishirini kinaweza kuwa mmea mmoja tu uliotandaa. Kumbuka hilo, tutalirudia kwenye habari ya miche.

Na kwa wale wenye shamba nyumbani Afrika Mashariki: usibebe mbegu ya aina hii kwenda nayo. Inahitaji zaidi ya saa 1,000 za baridi kali wakati wa usingizi wake ndipo ichanue. Milima ya Ruwenzori ina jamaa yake wa asili, *Vaccinium stanleyi*, lakini huyo ni wa huko na huyu ni wa huku.

Hatua ya kwanza: mahali

Jua kamili, angalau saa sita kwa siku. Kivulini mmea utaishi, majani yatapendeza, matunda hutayaona. Pawe pia hapatuami maji. Kimteremko chenye mchanga ambako nyasi zenyewe zinasuasua ni mahali pazuri kuliko kona yenye udongo mweusi unayoionea fahari.

Usipande kando ya msingi wa nyumba, na hapa naomba mtu asinipuuze. Zege na saruji huvujisha chokaa, na bluberi haiwezi chokaa. Zaidi ya hapo, nyumba nyingi za mbao tunazopanga hapa Lewiston ni za zamani. Rangi yenye madini ya risasi ilipigwa marufuku kwenye nyumba mwaka 1978, kwa hiyo nyumba iliyojengwa kabla ya hapo yaelekea ilipakwa rangi hiyo, na magamba yake yamekuwa yakidondoka kwenye udongo unaoizunguka kwa miaka mingi. Udongo wenye asidi, ambao ndio bluberi inautaka, huifanya risasi iyeyuke kirahisi zaidi. Sumu hiyo huharibu ubongo wa mtoto. Sogea mbali na kuta, na upime.

Hatua ya pili: udongo, mahali pa kutumia muda wako mwingi

Nenda ofisi ya ugani ya Chuo Kikuu cha Maine iliyo kwenye kaunti yako, uchukue kisanduku cha sampuli. Chota udongo wa juu, kina cha sentimita 15, kutoka sehemu tano au sita za eneo lako, uchanganye kwenye ndoo safi, ujaze kisanduku na kukituma kwenye maabara yao Orono. Omba wakupe pH, yaani kipimo cha asidi (namba ikiwa ndogo, asidi ni kubwa), na kiwango cha risasi.

Jambo unalotafuta ni pH kati ya 4.0 na 5.0. Mboga zetu nyingi hupenda 6 hadi 7, na tofauti ya namba moja hapo ni asidi mara kumi. Udongo ukizidi 5.5, mizizi ya bluberi hushindwa kuchukua madini ya chuma hata kama yamejaa ardhini, na majani yanakuwa ya njano kama yalivyokuwa yangu. Jambo hili halikujulikana zamani. Mwaka 1910 mtaalamu wa mimea wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, Frederick Coville, alichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba bluberi hudhoofika kwenye udongo mzuri wa bustani uliotiwa mbolea, na hustawi kwenye udongo mchachu usio na kitu. Kabla ya hapo watu walikuwa wakihamisha miche kutoka porini na kuipa matunzo bora, nayo inakufa.

Kama pH yako imezidi kidogo, ishushe kwa salfa, ile ile ya unga ambayo wakulima wa korosho wa Mtwara wanaijua. Kwa eneo la mita 10 za mraba, kutoka 5.5 kwenda 4.5, udongo wa kichanga unahitaji takriban gramu 400. Udongo tifutifu unahitaji takriban kilo 1.2. Changanya kwenye sentimita 15 za juu. Fanya hivyo mwaka mmoja kabla ya kupanda, maana bakteria wa udongo ndio wanaoigeuza salfa kuwa asidi, na wakati wa baridi wanalala. Kisha pima tena. Usiongeze dozi kwa sababu tu umeona inachelewa.

Kama maabara imesoma 6.5 au zaidi, au udongo ni mfinyanzi mzito, usipigane nao. Tengeneza tuta lililoinuliwa kwa mbao, kina cha sentimita 30, ulijaze mchanga, magome ya msonobari yaliyosagwa na mboji ya kinamasi iitwayo piti. Udongo wa kichanga kutoka chini ya misonobari ya mtu aliyekuruhusu ni mzuri zaidi, kwa sababu una kuvu wake. Mizizi ya bluberi ni myembamba kama nywele na haina vile vinyweleo vya kufyonzea ambavyo mimea mingi inavyo. Huishi kwa ubia na kuvu wa pekee, anayeivutia chakula kutoka kwenye takataka za majani makavu.

Vitu vya kuweka mbali daima: majivu, chokaa, samadi, mbolea ya kuku, na mbolea za chumvichumvi zenye naitreti.

Hatua ya tatu: miche

Nunua miche kwenye kitalu kinachouza mimea ya asili ya eneo hili. Uliza maswali mawili. La kwanza: je, miche imeoteshwa kwa mbegu, au yote imekatwa kutoka mmea mmoja? Unataka ya mbegu, au angalau aina mbili tofauti. Bluberi fupi haijizalishi vizuri kwa chavua yake yenyewe. Inahitaji chavua ya jirani asiye pacha wake. Miche kumi iliyotokana na mmea mmoja itachanua vizuri na kuzaa matunda machache tu. La pili: je, miche imewekewa dawa za wadudu za jamii ya neonikotinoidi? Dawa hizo huingia ndani ya mmea hadi kwenye chavua. Kama muuzaji hajui, nenda kwingine.

Usiing'oe porini. Mashina ya chini hukatika, na mara nyingi mche hufa kabla ya mwaka kwisha. Kuotesha kwa mbegu inawezekana: ponda matunda yaliyoiva, osha, mwaga mbegu juu ya piti yenye unyevu bila kuzifukia kwa kuwa zinahitaji mwanga, na uwe na subira ya miaka minne au mitano hadi tunda.

Hatua ya nne: kupanda

Mwisho wa Aprili hadi Mei, au Septemba. Toa nyasi zote pamoja na mizizi, kwa sababu nyasi ndizo adui mkubwa kuliko wadudu na magonjwa yote. Panda kwa nafasi ya sentimita 30 hadi 45, ukichanganya aina. Mche ukae kwa kina kile kile ulichokuwa nacho kwenye kopo, au chini yake kidogo sana. Fungua mizizi kwa vidole kama imejizungusha. Mwagilia hadi udongo ushibe, kisha funika kwa matandazo ya sindano za msonobari au magome, unene wa sentimita 5. Matandazo haya huyasaidia mashina ya chini kutambaa.

Mwaka wa kwanza hakikisha bustani inapata sentimita 2.5 za maji kwa wiki, ya mvua au ya kwako. Maji ya mvua ni bora. Maji ya kisima mara nyingine yana chokaa. Maua ya mwaka wa kwanza yanyofoe yote. Inauma, lakini nguvu inahitajika chini.

Palizi ni kwa mkono. Mizizi iko juujuu, kwa hiyo jembe likipita mara moja tu limekata kazi ya mwaka mzima.

Unapanga na huna uwanja? Chungu kipana, sentimita 40 au zaidi, kinatosha miche miwili. Wakati wa baridi mizizi iliyo kwenye chungu huganda kuliko iliyo ardhini, kwa hiyo kifukie chungu hadi mdomoni au kizungushie majani makavu kwenye kona isiyo na upepo. Usikiingize ndani, mmea unaihitaji baridi.

Nyuki wanene wa Mei

Ua la bluberi ni kengele ndogo nyeupe yenye wekundu kidogo, mdomo wake umeangalia chini. Chavua yake haikai nje. Imefungiwa ndani ya vijineli vyenye tundu nchani, mfano wa kichupa cha chumvi cha mezani, na kama kichupa hicho, lazima kitikiswe.

Anayejua kutikisa ni nyuki-bambi, yule mnene mwenye manyoya. Hung'ang'ania ua, hufungua misuli ya mabawa na kuitetemesha bila kuruka, na utaisikia sauti ikipanda ghafla. Chavua inammwagikia tumboni. Nyuki wa asali hana ujuzi huo. Wakulima wakubwa wa Maine hukodi mizinga ya nyuki wa asali kwa maelfu kila Mei, kwa sababu wingi wao hufidia, lakini bustani ndogo ya nyumbani huzaa kwa kazi ya nyuki wa porini: bambi, nyuki wachimbaji wa *Andrena*, na nyuki mdogo mwenye mng'ao wa *Osmia*.

Bambi unaowaona Mei ni malkia watupu. Wamelala peke yao ardhini majira yote ya baridi, wameamka na njaa, na kila mmoja ana jukumu la kuanzisha kundi lake mwenyewe. Ukimuua mmoja umeua kundi zima la Julai. Kwa hiyo hakuna dawa ya wadudu kwenye bustani hii, wala kwenye nyasi zinazoizunguka.

Wape na makazi. Nyuki wengi wa asili huchimba mashimo ardhini, kwa hiyo acha kipande cha mchanga mtupu upande wa kusini, bila matandazo, hata kama jirani ataona hujamaliza kazi. Nyuki wa *Osmia* hukaa kwenye mabua matupu, hivyo acha mabua ya mwaka jana yasimame. Na kwa kuwa bluberi huchanua wiki chache tu, mtu anayewataka nyuki atapanda pia mti wa kienyeji uitwao kwa Kiingereza willow, unaochanua Aprili, na asta za porini za Septemba. Mwaka niliofanya hivyo ndio mwaka nilioanza kupata bakuli badala ya kiganja.

Wengine walioalikwa mezani

Kabla ya tunda, kuna majani. Karibu aina 300 za nondo na vipepeo wa Marekani hulisha viwavi wao kwenye mimea ya jamii ya *Vaccinium*. Kipepeo mmoja wa njano mwenye ukingo wa waridi, *Colias interior*, hutaga kwenye bluberi hizi. Ukiona jani limetobolewa, liache. Ndege wadogo kama chikadii, ndege rasmi wa jimbo hili, hulisha makinda yao viwavi, na hawawezi kuwakuza kwa mbegu za kwenye vyombo tunavyotundika.

Tunda likiiva mwisho wa Julai, wanakuja kwa zamu. Robini, ndege wa kichungwa kifuani, ndiye wa kwanza alfajiri. Kisha kundi la ndege wenye ushungi na ncha ya mkia ya njano, wanaokula kimya kimya na kuondoka pamoja. Kwale wa msituni, bata mzinga wa porini, kindi wadogo wenye milia, panya, mbweha. Kulungu na sungura hula vijiti wakati wa baridi. Nje ya mji, dubu mweusi hushinda kwenye bluberi Agosti yote akijinenepesha kwa ajili ya usingizi wake, na mbegu zinatoka katika kinyesi chake zikiwa nzima, mbali na alikozila. Ukiishi karibu na msitu, vuna mapema na usiache ndoo ya matunda barazani usiku.

Mgeni anayenigusa kuliko wote ni sululu. Yule ndege wa pwani yetu anayechokora matope maji yakipwa, mwenye mdomo uliopinda kama sululu ya kuchimbia, ana ndugu yake Amerika. Mwisho wa majira ya joto huyo wa huku hushuka kutoka tundra, zile nyanda baridi za kaskazini zisizo na miti, hutua kwenye tambarare za bluberi za Washington County na New Brunswick, na kula matunda hadi mwili ujae mafuta. Kisha anaivuka bahari kwenda Amerika Kusini. Mara ya kwanza kumwona pale kati ya mawe, nilisimama tu.

Sifungi nyavu juu ya mimea. Nyavu zilizolegea hunasa ndege na nyoka wadogo, nao hufa taratibu. Navuna theluthi mbili, theluthi moja ni yao, na hesabu yangu haijawahi kunipa hasara.

Kuvuna

Tunda lililoiva hutoka kwa kuguswa, likikushikilia, lisubiri. Mashambani hutumia reki yenye meno kama chanuo. Nyumbani mikono inatosha. Pita kila baada ya siku mbili au tatu na usiache yaliyoiva kupita kiasi, kwa sababu ya nzi mdogo kutoka Asia, *Drosophila suzukii*, aliyeonekana Maine mara ya kwanza mwaka 2011. Nzi wengi wa jamii yake hutaga kwenye tunda lililooza. Huyu hutoboa tunda zima. Ukivuna, weka kwenye friji mara moja.

Wafundishe watoto alama ya bluberi: chini ya tunda, upande usio na kikonyo, kuna taji dogo kama nyota ya ncha tano. Msitu una tunda jingine la samawati linalong'aa, linalosimama juu ya bua refu linalochipuka katikati ya majani mapana yaliyo karibu na ardhi. Halina taji hilo, na si la kuliwa.

Jioni kagua miguu, kwapa na nyuma ya masikio kutafuta kupe, wewe na watoto. Kupe wa huku anaweza kukuambukiza ugonjwa wa bakteria uitwao Lyme, na yule asiyekomaa ni mdogo hata kuliko mbegu ya ufuta.

Kukata hadi ardhini

Hapa ndipo watu hukata tamaa, maana inaonekana kama kuua. Tawi la bluberi fupi huzaa vizuri mwaka wake wa pili, kisha hupungua. Wabanaki walichoma, nasi tunakata. Mmea ukishatandaa, tuseme mwaka wa nne, subiri majani yapukutike Novemba, chukua mkasi mkali, na ukate kila tawi usawa wa udongo. Ukiacha visiki vya sentimita kumi, vitachipua matawi dhaifu kutoka juu. Unataka chipukizi jipya litoke kwenye shina la chini.

Usikate bustani yote kwa pamoja. Igawanye mara mbili: nusu moja mwaka huu, nusu nyingine mwaka ujao. Hivyo kila mwaka una upande unaokua na upande unaozaa, nyuki wana maua kila Mei, na ndege wana chakula kila Agosti. Kuchoma usijaribu mjini. Vijijini penye nafasi, moto unahitaji kibali, na bado mkasi ni salama zaidi kwa nyuki waliolala ardhini.

Upande uliokatwa utachipua Juni, kijani chepesi, bila ua hata moja. Usiuongezee chochote. Mwishoni mwa majira hayo ya joto tazama ncha za vijiti: matumba manene ya mviringo ni maua ya mwakani, yale membamba ni majani.